Osha Kama Kawaida

Kosa lilikuwa langu, na ningeweza kulionyesha kwa kidole. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ndogo ya manjano, kwa mwandiko wangu mwenyewe, niliyoibandika juu ya sanduku la vioo arobaini: "Osha kama kawaida."

Maneno matatu. Niliyaandika Ijumaa mchana nikiwa na haraka ya kwenda kula. Kufikia Jumatatu asubuhi yalikuwa yanataka kumfukuza mtu kazi, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kiwanda chetu kilijengwa kwa ajili ya vioo vya madirisha. Kila kitu ndani yake, kuanzia meza ndefu zilizotandikwa mpira hadi fomu za ofisini, kilikuwa na mawazo ya dirisha. Mwaka jana Mkurugenzi alitenga chumba kimoja mwishoni mwa korido, akanunua mashine iliyokwisha kutumika kwingine, akaniajiri mimi niliyekuwa nimemaliza chuo miezi minne tu nyuma, akasema: nitengenezeeni kioo cha paneli za sola.

Kioo cha namna hiyo hupakwa utando wa oksidi ya zinki iliyochanganywa na alumini kidogo sana. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko utando huo mara sabini na zaidi. Nao una tabia mbili ambazo si rahisi kuzikuta nyumba moja: unapitisha mwanga kama kioo, na unapitisha umeme kama waya. Juu yake ndipo huwekwa silikoni, nyembamba vilevile, ambayo ndiyo hugeuza mwanga kuwa umeme. Bila ule utando, umeme huzaliwa ukakosa mlango wa kutokea. Nilipousoma chuoni mara ya kwanza niliupenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Niliwaza shule zisizo na taa, zahanati zisizo na friji ya chanjo, na nikajiambia kwamba mimi nitakuwa mtu wa utando. Bado najiambia hivyo, na sioni aibu.

Mashine iliendeshwa na fundi tuliyemwita Ombwe, kwa sababu mbili. Kwanza, mashine yake hunyonya hewa yote ndani ya chemba kabla ya kupaka. Pili, yeye mwenyewe hufanya hivyohivyo kwa sahani yoyote ya chakula iliyowekwa mbele yake.

Vioo vyetu vya kwanza vilikuwa vichache na nilivisuuza mwenyewe. Hawa arobaini walikuwa shehena yetu ya kwanza ya kweli. Nawaita "hawa" kwa sababu niliwaona kama watu. Vilipotoka kwenye chemba vikiwa na alama za vidole na vumbi, nilivipeleka kwenye chumba cha kuoshea, kwa Shangazi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani, lakini hata Mkurugenzi alimwita hivyo. Alikuwa ameosha vioo miaka ishirini na miwili. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto kwa sababu ya maji, na aliweza kukwambia kwa kusugua kidole tu kwamba kioo hiki kimeoshwa na mtu mwenye hasira.

Jumatatu nilipofika, Kurunzi alikuwa ananisubiri mlangoni.

Kurunzi ndiye mkaguzi wa ubora. Jina hilo alipewa na wafanyakazi, na hakulikataa, maana tochi yake aliivaa shingoni kama wengine wanavyovaa kitambulisho.

"Injinia," alisema, "njoo uwaone mabibi harusi wako. Wote arobaini wamevaa shela."

Nilitazama. Vioo vilikuwa vimepangwa kwenye fremu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa wazi. Kila kimoja kilikuwa na weupe hafifu, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Kurunzi alielekeza tochi kwenye kimoja, akakiweka mbele ya uso wake. Sura yake ikapotea, ikabaki rangi ya shati tu.

"Dirisha kama hili nikikuuzia, utamwona mgeni wako au utamwona jini?"

"Si dirisha," nilisema, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Ni ukungu. Na ukungu ni kasoro." Akanipa karatasi. Ilikuwa Fomu ya Kasoro, ileile ya enzi za madirisha, yenye visanduku vinne: ufa, mkwaruzo, povu, ukungu. Alikuwa ameshatia alama kisanduku cha nne. Mahali palipoandikwa "Aliyesababisha" alikuwa amejaza: Mwosha vioo. Chini kabisa palibaki mstari mtupu wa sahihi yangu.

"Shangazi amefanya nini?"

"Amevitia siki. Nimemuuliza, hakuficha. Siki imekula dawa yenu."

Hapo nikaelewa. Katika chumba cha kuoshea, kioo cha dirisha huoshwa kwa sabuni, husuuzwa, kisha hutumbukizwa kwenye beseni la siki iliyopunguzwa kwa maji ili chumvi ya maji isiache madoa. Hiyo ndiyo kawaida. Kawaida yangu mimi ilikuwa maji yaliyochujwa na sabuni laini, basi. Na oksidi ya zinki haiwezi kukaa na asidi, hata asidi ya jikoni. Huliwa.

"Kosa ni langu," nilisema. "Niliandika kama kawaida. Kafanya kama kawaida."

"Karatasi ya kubandika, fomu haiitambui. Saini."

"Basi futa hapo, uniandike mimi."

Kurunzi alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mbuzi aliyeingia barabarani. "Mwosha vioo akiharibu shehena nzima, anaondoka Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Kanuni ya nane. Injinia akiharibu shehena nzima ya majaribio, majaribio yanafungwa. Kanuni ya tisa. Ukijiandika wewe, chumba chenu kinageuzwa stoo, na Ombwe anarudi kukata madirisha. Mimi sikuzitunga. Umesikia? Shangazi nimeshamwambia akapumzike nyumbani. Fomu inafika kwa Mkurugenzi Ijumaa saa sita mchana. Mpaka wakati huo unayo kalamu."

"Sisaini."

"Ijumaa ni mbali," alisema, akazima tochi.

Mama alinipigia simu mchana huohuo kuuliza kama nimekula, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, huyo mama utamtafutia kibarua kingine. Wewe ukipoteza hapo, nani atakuchukua? Saini tu, kisha uombe radhi." Nikamwambia kwamba karatasi hiyo ina uongo. Akasema karatasi zote zina uongo kidogo. Nampenda mama yangu, lakini siku ile nilikata simu kabla hajanishawishi.

Nilirudi kwenye chumba chetu nikakuta Ombwe ameketi juu ya kopo la rangi, anatafuna.

"Vioo vinavunjwa lini?" aliuliza.

"Ijumaa."

"Na vinapitisha umeme bado?"

Swali la kijinga, nilidhani. Nikachukua mita, nikaweka ncha zake mbili juu ya kioo kimoja chenye ukungu. Mita ikalia. Nikasogeza ncha. Ikalia tena. Utando ulikuwa umeliwa juu juu tu. Ulikuwa umebaki na mashimomashimo madogo yasiyoonekana kwa jicho, lakini ulikuwepo.

Kisha nikafanya jambo ambalo Kurunzi hakulifanya. Badala ya kutazama kupitia kioo, nilikishika juu ya meza karibu na dirisha, nikatazama meza. Nikashika na kioo safi kando yake, kimojawapo cha vile nilivyosuuza mwenyewe. Chini ya kile safi, jua lilipita moja kwa moja likachora pembe za kioo. Chini ya kile cha ukungu hapakuwa na pembe, lakini mwanga ulikuwa uleule, umetawanyika tu.

Hapo nikakumbuka, na nikaona haya. Halikuwa jambo jipya. Nilikuwa nimelisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote, nikalisahau. Silikoni yetu ni nyembamba mno. Mwanga ukiingia wima, unapita kama mgeni anayesalimia kutoka mlangoni na kwenda zake, kabla hujamkaribisha kiti. Mwanga uliopindishwa huingia kwa mshazari, hugonga ukuta wa nyuma, hurudi, huzunguka vyumba vyote. Na kadiri unavyokaa ndani ndivyo silikoni inavyopata nafasi ya kuukamata.

"Ombwe," nilisema, "chemba ya silikoni iko tupu kesho?"

"Tupu kama tumbo langu."

"Tuweke vioo sita. Vinne vya ukungu, viwili safi."

Alitafuna taratibu, akameza. "Vioo vilivyokwisha andikiwa kasoro? Kurunzi atatutia sisi kwenye ile fomu."

"Visanduku viko vinne tu. Hatutoshi."

Akacheka mpaka akapaliwa, na nikajua amekubali.

Jumanne jioni, jua likiwa bado halijashuka, tulikuwa na seli sita za sola chini ya taa ya kupimia. Vile viwili safi vilitoa miliampia kumi na tatu kwa kila sentimita mraba, kama siku zote. Nikaweka cha ukungu. Kumi na tano na nusu. Nikadhani nimekosea waya. Nikaweka cha pili: kumi na tano nukta nne. Cha tatu na cha nne vilikuwa hapohapo.

Ombwe aliondoa kofia yake, akaiweka kifuani, akakiinamia kioo kana kwamba ameletewa posa.

Nilimpelekea Kurunzi matokeo kabla hajaondoka. Aliyasoma yote, mstari kwa mstari, kwa maana alikuwa mtu makini, na hilo lazima niliseme.

"Bahati," alisema.

"Vioo vinne?"

"Beseni moja, siku moja, mkono mmoja. Hiyo ni bahati moja, si nne. Mimi kasoro yangu nikitaka kuirudia, nairudia. Wewe irudie hiyo yako. Chukua vioo safi, uvitie ukungu, vitoe namba hizo. Ukiweza, Ijumaa tutazungumza mbele ya Mkurugenzi. Usipoweza, utasaini."

Nilimchukia, halafu nikagundua kwamba ndivyo mwalimu wangu wa chuo angesema.

Jumatano nilivaa glavu, nikapunguza siki kwa maji, nikatumbukiza vioo vinne vipya, ambavyo Ombwe alikuwa amevipaka utando asubuhi, kwa dakika moja na nusu. Nilikuwa nimekadiria. Vilipotoka vilikuwa safi ajabu, bila ukungu wowote, nikafurahi kama mjinga. Nikaweka mita. Kimya. Nikasogeza ncha. Kimya. Siki ilikuwa imekula utando wote. Nilikuwa nimeshika kioo cha dirisha.

Nikajaribu sekunde ishirini. Ukungu ulikuwa kama pumzi tu. Sekunde sitini, utando ukabaki vipandevipande. Na sikujua Shangazi alichanganya siki kiasi gani, wala kama maji yake yalikuwa ya baridi au ya vuguvugu. Nilikuwa nimebakiwa na vioo vinane vya kujaribia.

"Unahangaika nini na kukisia?" Ombwe alisema. "Anayejua yupo kwake, anakunywa chai."

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo wa saruji, nguo za mtoto zimetanda kamba nzima. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, na mjukuu mchanga mapajani. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisainisha?"

"Hapana. Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya kuandika kama kawaida."

Alinitazama sana, kisha akamtazama binti yake. "Umemsikia? Miaka ishirini na miwili, hajawahi mtu wa ofisini kuja hapa kuomba radhi. Na wa kwanza kaja mikono mitupu, hata sabuni ya mtoto hana."

Binti yake akaangua kicheko. Mimi nikatamani mkeka unimeze.

"Kaa, kaa, natania. Mimi niliviona vimefifia, mwanangu. Nikasema moyoni, labda ndivyo vilivyo vioo vya kisasa. Nyinyi wasomi mnapenda vitu visivyoeleweka."

Nilimweleza namba. Nilimweleza mwanga unaozunguka vyumba. Alisikiliza huku anampapasa mtoto mgongoni, na nilipofika kwenye kumi na tano na nusu akauliza, "Hiyo ni nyingi?"

"Ni nyingi. Paneli ileile, jua lilelile, umeme zaidi. Lakini siwezi kurudia. Ulitia siki kiasi gani?"

"Vikombe vitatu kwa beseni la kijani."

"Na maji?"

"Ya bomba, yaliyokaa juani asubuhi. Ya baridi yanauma vidole."

Niliandika. "Na muda? Uliviacha sekunde ngapi?"

"Mimi sina saa. Mikono iko majini, saa nitavaa wapi? Naviacha mpaka wajukuu waishe."

"Waishe vipi?"

"Nawataja. Mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Nikimaliza, natoa kioo."

Nilitoa simu, nikafungua saa ya kuhesabu. "Wataje, Shangazi. Kama unavyowataja kazini."

Akafumba macho. Hakuwataja kwa majina ya shuleni bali kwa majina yake mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na maneno yake ya kusindikizia. "Mkubwa, Mungu amsimamie na mitihani. Pacha wa mbele. Pacha wa nyuma, mguu wake upone. Machozi. Wakili, apunguze maneno. Kijiko. Yule wa ng'ambo ya mto, babake atume salamu. Mrembo. Mrembo mdogo. Kimya. Bondia, asimpige tena Machozi." Akafumbua macho. "Hao ndio."

Sekunde thelathini na saba. Nikahesabu kwenye vidole. "Hao ni kumi na mmoja. Na huyu?"

Akatazama chini, kwenye mapaja yake.

"Huyu alizaliwa lini?" niliuliza.

"Jumatano iliyopita," binti yake alijibu.

"Na vioo vilikuja Ijumaa."

Shangazi akapiga paja. "Nilimtaja! Ijumaa ndiyo mara ya kwanza kumtaja. Nilikuwa nimezoea kumalizia kwa Bondia, nikakitoa kioo nusu, nikasema hapana, nikakirudisha. Mgeni, karibu duniani." Akarudia taratibu, kama alivyosema siku ile, mkono ukiwa hewani umeshika kioo kisichokuwepo. "Mgeni, karibu duniani."

Sekunde arobaini na moja.

"Kesho unakuja kazini," nilisema.

"Kurunzi kanizuia getini."

"Kamzuia mwosha vioo."

Alhamisi asubuhi tulifika pamoja, Shangazi amevaa gauni lake la sherehe na viatu vya kubana. Mlinzi alisimama katikati ya lango, uso umemkaa vibaya, kwa maana Shangazi alikuwa anampa chai kila siku.

"Injinia, nimeambiwa huyu mama asiingie."

"Mwosha vioo asiingie. Niletee daftari la wageni."

Aliniletea. Nikajaza. Mahali pa jina nikaandika jina lake kamili, nililolisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mahali palipoandikwa "Kazi ya mgeni" nikaandika: mtaalamu wa siki. Mahali pa "Anayemwalika" nikaweka sahihi yangu, kubwa, ile niliyomnyima Kurunzi.

Mlinzi alisoma, midomo inacheza. Kisha akasimama wima. "Karibu sana, mtaalamu. Tafadhali uvae beji."

"Niibandike wapi, kwenye gauni la sherehe?" Shangazi akasema. "Ishike wewe."

Tulilitoa beseni la kijani juani. Vikombe vitatu. Alikunja mikono ya gauni, akakataa glavu kabisa, akasema haoni kwa glavu. Kioo kimoja baada ya kingine, vyote vinane, nikamsikia akiwapitia kwa sauti ya chini: Mkubwa, Pacha wa mbele, Pacha wa nyuma. Mimi nilikuwa na saa mkononi na sikumwambia neno. Arobaini na moja. Arobaini. Arobaini na mbili. Arobaini na moja. Kwenye kioo cha sita Ombwe alipita akasema, "Shangazi, ukifika kwa Kijiko unikumbuke na mimi," na Shangazi hakucheka wala hakupoteza hesabu.

Vyote vinane vilivaa shela, na mchana huo Ombwe akavipaka silikoni.

Ijumaa saa tano na nusu, Mkurugenzi alikuja chumbani kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyependa kuketi. Kurunzi alikuwa naye, fomu mkononi. Shangazi alisimama kando ya mashine, bado ni mgeni kwa mujibu wa daftari.

Niliwasha taa ya kupimia. Kioo safi: kumi na tatu. Cha ukungu cha kwanza: kumi na tano nukta sita. Cha pili: kumi na tano na nusu. Nilivipitisha vyote vinane, na kila namba ilipotokea Mkurugenzi aliisoma mwenyewe kwa sauti. Hakuna kilichoshuka chini ya kumi na tano nukta tatu.

"Na hii ndiyo iliyoitwa kuharibika?" aliuliza.

Kurunzi alichukua tochi yake, akamulika kupitia kioo safi kisichopakwa silikoni. Ukutani kikatokea kiduara kidogo chenye makali. Akamulika kupitia kimoja cha ukungu cha shehena ileile. Ukuta wote ukawaka taratibu, mpaka pembeni, mpaka kwenye uso wa Shangazi aliyesimama pale. Akaiacha tochi hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Macho yangu ni ya dirisha," alisema mwishowe. "Lakini fomu ni fomu, Mkurugenzi. Shehena ina ukungu, imeandikwa ina ukungu, lazima isainiwe."

"Haya," Mkurugenzi akanigeukia. "Saini. Kisha tutaangalia jinsi ya kumsaidia."

"Sisaini, Mkurugenzi."

Ombwe aliacha kutafuna.

"Nikisaini," nilisema, "nitakuwa nimeandika kwamba Shangazi aliharibu vioo. Hakuharibu. Halafu mtamsamehe, na atabaki hapa kama mtu aliyesamehewa, na sisi tutatumia siki yake miaka yote. Sitaki asamehewe. Hana kosa la kusamehewa."

Nikachukua fomu kutoka mkononi mwa Kurunzi. Hakuing'ang'ania. Nikakata mstari juu ya neno "ukungu", mstari mmoja ulionyooka, nikaandika kando: *Si kasoro.* Nikakata na "Mwosha vioo". Mahali pa "Aliyesababisha" nikaandika jina lake kamili, lile la kwenye daftari la wageni. Kisha nikasaini.

"Sasa nimesaini," nilisema.

Mkurugenzi aliitazama karatasi, akatazama saa. Ilikuwa imebaki dakika kumi na mbili. "Kurunzi?"

Kurunzi alivuta pumzi. Akachukua kalamu yangu, akaweka herufi zake za ukaguzi kando ya mstari wangu, ndogo, nadhifu, kama alivyofanya maisha yake yote. "Kanuni ya nane inahusu kasoro," alisema. "Hapa hakuna kasoro iliyobaki kwenye fomu. Sina kazi hapa." Mlangoni akageuka. "Ila fomu zilizochapwa bado zina kisanduku cha ukungu. Ziko stoo, rundo zima. Zitatumika mpaka ziishe."

"Nitalikata neno hilo kwa mkono," nilisema.

"Ni elfu moja na mia mbili."

"Nina kalamu."

Shangazi alivua viatu vyake vya kubana palepale sakafuni. "Mmemaliza kugombana?" alisema. "Basi mniandikie vizuri safari hii. Mimi sirudi kwenye beseni kwa karatasi ya manjano. Na sitaki kukuta tena hilo neno kawaida. Kawaida ya nani?"

Niliandika mbele yake, na yeye alisimama nyuma ya bega langu akinisahihisha. Maelekezo hayo yapo mpaka leo ukutani kwenye chumba chetu, ambako sasa ana meza yake na saa yake ya ukutani, ambayo haitazami. Siki vikombe vitatu, beseni la kijani, maji yaliyopata jua. Muda: sekunde arobaini na moja (wajukuu kumi na wawili, bila haraka).

Wakaguzi kutoka nje walipokuja mwezi uliopita, mmoja wao alikata yale maneno yaliyo kwenye mabano, akasema hayafai kwenye hati ya kiufundi. Alipoondoka niliyaandika tena, kwa wino mzito zaidi.

Binti wa pili wa Shangazi ni mjamzito. Nilimuuliza tutafanyaje akija wa kumi na tatu, maana utando hautavumilia.

"Huyo tutapunguza siki," alisema, mikono ikiwa majini. "Mtoto hapunguzwi."